Matete yetu yapimwe kwenye vilima vyetu

Ndugu wakulima, mama na baba wa koperative za Butembo na Beni,

Katika mkutano mmoja upande wa Lubero, agronomu mmoja alikuwa anaeleza habari za majani ya nishati: majani yenye kukua mbio, yanakatwa, yanakaushwa, yanageuzwa kuwa moto. Alizungumza vizuri. Alipomaliza, mama mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono: "Hii majani yenu iko ya mbuzi, iko ya moto, ao iko ya kushikilia maharagi? Juu miye niko na mustari moja tu ya matete." Watu wakacheka. Agronomu naye akacheka, lakini jibu hakutoa.

Tangu siku ile ninalifikiria swali hilo, kwa sababu majibu yake yanaandikwa sasa, mbali na sisi, katika maabara. Watafiti wamepata njia ya kuharakisha uzalishaji wa aina mpya za majani kwa kusoma ADN yake. Njia hiyo inaitwa jenomiki. Huko Marekani wanaitumia kwa majani ya nyika zao, ili wapate mafuta ya magari. Huko Brazili na Ethiopia wanaitumia kwa matete, haya haya tunayoyaona kando ya kila barabara kutoka Butembo mpaka Beni, ambayo maagronomu wanayaita Pennisetum. Matete ni mwana wa Afrika. Wazungu wa kusini waliyapa jina la Napier, jina la kolonele mmoja wa Bulawayo, na kutoka huku yakavuka bahari. Leo Brazili inayajua kwa vipimo kuliko sisi tuliobaki nayo nyumbani.

Mimi naunga mkono jenomiki. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nimekuja kuwatisha. Lakini nina sharti moja, na ndilo linalonifanya niandike.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe. Sisi tunapanda matete kwa vipande vya shina, na kipande kinatoa mmea uleule wa mama yake. Mbegu ya matete ni mambo mengine. Ukikutanisha maua ya matete mawili mazuri, kila mbegu ndogo inatoa mmea wa tabia yake, sawa vile watoto wa tumbo moja wasivyofanana. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja wa majani mengi, mmoja shina tupu. Matete yana kromosomu 28, yaani mafungu manne ya 7, na mafungu hayo yametoka katika koo mbili tofauti. Ukoo mmoja ni ndugu wa karibu wa uwele. Kwa hiyo urithi wake umechanganyika sana. Mtafiti wa njia ya zamani analazimika kupanda mamia ya miche, kungoja ikomae, kuikata mara nyingi kwa miaka miwili ao mitatu, kuchagua michache, kuizidisha, kuipeleka sehemu nyingine, na kungoja tena. Miaka kumi inapita mbele mkulima hajaona kipande hata kimoja.

Jenomiki inakata safari hiyo. Aina mia moja ao zaidi zinapandwa shambani na kupimwa kabisa kabisa: urefu, uzito, majani, shina, magonjwa. Wakati huohuo kipande kidogo cha jani la kila aina kinapelekwa maabara, ADN inasomwa katika maelfu ya sehemu. Ordinatere inalinganisha: aina zenye alama hizi ndizo zilitoa kilo nyingi, zenye alama zile zilinyauka wakati wa jua kali. Ikisha kujifunza, unaweza kuipelekea jani la mche wa wiki chache tu, na itakuambia kama mche huo una matumaini ao hapana. Unatupa tisa, unabaki na mmoja, na hujangoja miaka.

Hesabu ya namna hiyo iliandikwa mwaka 2001 na watafiti wa mifugo. Kuanzia 2009 wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Marekani wanachagua madume kwa ADN, mbele hata binti mmoja wa dume huyo hajakamuliwa. Na si mambo ya ng'ombe wa mbali tu. Ng'ambo ya mpaka, pale Namulonge nchini Uganda, wanatumia njia hiyo kwa mihogo, katika mradi mkubwa ulioanza 2012. Mtu wa Beni akivuka Kasindi na kufika kule, anaweza kuona mashamba yenyewe.

Watu wananiuliza kila mara kama hiyo ni OGM. Hapana. Hakuna jeni ya kiumbe kingine inayoingizwa katika mmea. Matete yanakutana na matete, maua kwa maua. ADN inasomwa tu, sawa vile mtu anavyosoma kitambulisho. Mwenye kupinga OGM na apinge, ana haki yake, lakini asipige risasi kwenye mti usio wake.

Sasa nafika penye mfupa. Ordinatere inajua kile tu ilichofundishwa. Ikifundishwa na matete yaliyopimwa mahali pamoja, itachagua matete ya mahali pale. Taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kule Addis Ababa, ina hazina kubwa ya matete kutoka nchi nyingi. Mwaka 2019 watafiti wake walitangaza matokeo ya kusoma ADN ya aina 105, zao na za Embrapa ya Brazili. Jenomu nzima ya matete nayo imekwisha kusomwa na watafiti wa China. Kazi nzuri sana. Upimaji wa shambani ulifanyika Bishoftu, huko huko Ethiopia, na jambo moja kubwa walilotafuta ni matete yenye kuvumilia uhaba wa maji. Wana haki: kwao kiangazi ni kirefu na kikali. Bishoftu iko karibu metre 1,900 juu ya bahari, na Butembo iko karibu 1,750. Ukiangalia urefu tu utasema ni ndugu. Lakini sisi tuko penye ikweta, mvua inatupiga misimu miwili, na tatizo letu si maji kukosekana, ni maji kushuka na udongo. Mkulima wa Bishoftu anaomba mvua. Mkulima wa kilima cha Lubero anaomba mvua isimchukulie shamba.

Tena sisi wenyewe hatuna hali ya hewa moja. Kati ya Butembo na Beni ni kilometre 50 na kidogo tu, lakini unashuka zaidi ya metre 500. Kule juu ni baridi, matete yanajivuta. Beni ni joto, yanakimbia. Ukishuka tena bonde la Semuliki, ni dunia nyingine. Aina itakayoshinda Beni inaweza kulala usingizi Kyondo. Hakuna ordinatere ya Addis ao ya Brazili itakayojua jambo hilo kama hakuna mtu aliyekata matete Kyondo na kuyapima.

Na kupima nini? Hapa ndipo swali la yule mama linarudi. Mtu wa nishati anataka shina kubwa, gumu, kavu, lenye majivu kidogo na naitrojeni kidogo, na mmea usiotoa maua mapema. Mtu wa ng'ombe anataka kinyume: majani mengi, laini, yenye protini. Mtu wa udongo anatazama chini: mizizi mingi, kisiki kipana kisichoacha nafasi kwa maji. Na mama wa maharagi ya kupanda anataka shina lililonyooka, lenye nguvu ya kushikilia maharagi msimu mzima bila kuvunjika. Kitu hicho cha mwisho sijakiona katika karatasi yoyote ya majani ya nishati. Kwa wale wenye kuandika karatasi, shina ni tani kwa ekta. Kwa huku kwetu, fimbo ya maharagi ni chakula cha watoto. Na mahali pengi watu wanakata miti michanga kwa kukosa fimbo.

Kama aina mpya itachaguliwa kwa moto tu, tutapewa matete mazuri ya kuchoma, na mbuzi watayakataa. Siku ile mkulima atayang'oa, ao hatayapanda kabisa, na miaka yote iliyookolewa na jenomiki itakuwa imepotea bure. Huku hakuna mtu mwenye ekta kumi za kuachia moto. Kuna mstari mmoja kwenye kontua, na mstari huo unafanya kazi nne.

Si kwamba moto si shida yetu. Ni shida kubwa. Mifuko ya makala inayoingia Butembo kwenye chukudu na pikipiki tunaijua, na tunajua mengi yanatoka wapi. Virunga inaliwa kidogo kidogo kwa sufuria zetu. Tanuru la udongo linakula kilo 100 za miti mikavu na kurudisha kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Nyingine zimekwenda na moshi. Matofali ya mji nayo yanachomwa kwa kuni. WWF ilianza EcoMakala mwaka 2007, wakulima wakapanda mikaratusi na miti mingine kwa ajili ya makala, na vilima vingi vimefunikwa. Mutwanga ina umeme wa maji tangu 2013, na Luviro ikafuata. Lakini ni nani kati yetu anapika fufu kwa umeme kila siku? Mkaratusi nao unataka miaka mitano, sita, na eneo lake. Matete yanakatwa katika mwaka uleule wa kwanza. Yakikauka vizuri, kilo moja yake ina joto karibu na la kilo ya kuni, ingawa yanawaka mbio na yanaacha majivu mengi. Ndiyo maana lazima yabanwe kuwa briketi, ao yatumike katika tanuru.

Kwa hiyo, naamini matete yana nafasi katika moto wetu. Nafasi ya pili. Yakiwa machanga, wiki sita ao nane, yalishe. Yale yaliyokomaa, yaliyopita ulimi wa ng'ombe, yatoe fimbo, na fimbo iliyooza msimu ukiisha iingie kwenye moto. Mmea mmoja, kazi zikifuatana. Jenomiki inaweza kuchagua mmea wa namna hiyo, maana ordinatere haichoki: unaweza kuiambia ipe uzito wa majani sehemu hii, shina sehemu hii, mizizi sehemu hii. Lakini lazima mtu aiambie. Na lazima vipimo vyote vinne viwe vimefanyika. Vikipimwa tani peke yake, itachagua tani.

Kitu kingine ambacho watu wa nishati wanakipita haraka ni majivu yenyewe. Matete yanakula sana potasi ya udongo. Ukichoma nyumbani na kurudisha majivu shambani, umerudisha sehemu kubwa. Ukiuza briketi mjini, majivu yanabaki mjini, na mwaka wa tatu mstari wako unaanza kuwa wa njano. Tuliona hivyo kwa mihogo iliyouzwa miaka na miaka bila kitu kurudi. Aina yenye kuzaa mara mbili itachosha udongo mbio mara mbili. Koperative yoyote inayofikiria biashara ya briketi iweke kwanza habari ya mbolea kwenye hesabu, mbele ya habari ya mashine.

Kuhusu magonjwa, tafadhali sana. Magharibi mwa Kenya na sehemu za Uganda, kuna ugonjwa unaofanya matete kuwa mafupi na ya njano, kisiki kinatoa vijani vidogo kama vya mchezo, halafu kinakufa. Unasababishwa na kijidudu kidogo sana kinachobebwa na mdudu mwenye kuruka juu ya majani, na unasafiri pia ndani ya vipande vya kupanda. Kenya ina ugonjwa mwingine, ukungu mweusi wa vichwa, na watafiti wao walitoa aina inayouvumilia, Kakamega 1. Ninyi mliopoteza migomba kwa mnyauko hamuhitaji somo: tulibeba wenyewe ugonjwa kwenye panga na kwenye machipukizi ya zawadi. Basi mtu akivuka Kasindi na fungu la vipande vizuri vya Uganda juu ya pikipiki, anaweza kuleta kilo nyingi, anaweza kuleta maombolezo. Hapa ADN inatusaidia kwa njia nyingine, maana maabara inaweza kukuta ADN ya kijidudu ndani ya kipande ambacho kwa jicho ni kizima. Vipande vya kigeni vipite kwanza SENASEM na watu wenye kujua, hata kama inachelewesha msimu mmoja.

Najua jibu la wengi. "Sisi tunakimbia, nyinyi munatuletea ADN." Ni kweli. Tangu 2014 watu wa Beni wamezika wengi sana, na kuna mashamba ambayo mwenyewe anayaona kwa mbali tu. Utafiti unaohitaji miaka kumi ya utulivu mahali pamoja hautafanyika kwetu, tungekuwa tunadanganyana. Lakini hiyo ndiyo sababu moja ya kuitaka njia ya mbio. Kipimo cha miaka miwili kina matumaini ya kumalizika. Na matete yana faida yake: ukikimbia, yanabaki. Hayaibiwi sawa na ng'ombe, na hayaozi sawa na mahindi. Ukirudi baada ya miezi sita, yako pale yanakungojea, ingawa yamekuwa msitu. Aina ileile ikipandwa katika vijiji vitatu vinne, kijiji kimoja kikifungwa na vita, vipimo vya vingine vinaendelea.

Ndiyo maana nasema koperative zisingojee mradi. Kazi ya maabara si yetu, lakini nusu ya kazi hii haiko maabara. Iko kwenye mizani. Kila koperative ina mizani ya kahawa, ya kakao ao ya maharagi, na inalala miezi mingi. Chukua mstari wa metre kumi. Andika siku ya kukata, pima yote, halafu tenga majani na shina, pima kila moja. Kausha fungu dogo juani mpaka uzito usishuke tena, pima tena, maana matete machanga ni maji, karibu kilo 80 katika kila 100, na mtu anayejisifu kwa uzito mbichi anajisifu kwa maji. Andika kama mbuzi walikula yote ao waliacha. Andika fimbo ngapi zilivunjika mbele ya mavuno ya maharagi. Wazee wetu wanajua aina za matete kwa majina, lenye manyoya ya kuwasha, lenye shina jekundu, lile ambalo ng'ombe anaruka ua kulifuata. Majina hayo nayo yaandikwe, na mahali zinapoota. Daftari moja la namna hiyo, la misimu minne, kutoka juu Lubero, kutoka Beni na kutoka Semuliki, ni kitu ambacho watafiti wa Addis hawana na hawawezi kukinunua. Wanafunzi wa kilimo wa Université Catholique du Graben, pale Butembo, wako karibu. Kila mwaka wanatafuta kazi ya kuandikia, na daftari hilo lingewatosha.

Na daftari hilo lisitoke bure. Siku mtafiti atakapokuja kuomba vipande vya matete yenu, mpeni, msimnyime, lakini kwa karatasi: jina la koperative, jina la kijiji, tarehe, na neno moja wazi kwamba aina yoyote itakayozaliwa humo, vipande vyake vitarudi kwenu, na mtakuwa na ruhusa ya kuvizidisha na kugawiana bila kulipa. Karatasi ibaki nakala kwenye biro yenu. Mtu mwema hatakasirika kwa karatasi.

Mimi binafsi sina hakika kama briketi za matete zitashinda makala sokoni Butembo. Bei itaamua, na mama wenye kupika wataamua, maana wanajua moto kuliko sisi wote. Lakini nina hakika kwamba aina mpya za matete zinakuja, tupende tusipende, na zitakuja mbio kuliko zamani.

Msimu A unaanza na mvua za Septemba. Koperative zenye kutaka kupima, zichague mistari yao sasa, wakati matete yangali yamesimama na aina zinaonekana vizuri, na zikate zote siku moja ili mwanzo uwe sawa. Yule mama wa Lubero amekwisha kuanza na mstari wake mmoja. Amefunga kitambaa chekundu kwenye visiki ambavyo mbuzi wanavipenda, na cheupe kwenye vile vya fimbo. Kuna visiki viwili vyenye vitambaa vyote viwili.